Aliyeshika Chumvi

Chumvi haikuguswa na mtu mwingine. Hilo ndilo jambo la kwanza uliloambiwa ukiingia kazini kwake, kabla hata hujaonyeshwa choo kiko wapi. Ungeweza kukata vitunguu, kuosha mchele, kuchuna mbuzi, kupasua kuni, kugombana na mwenye tenti, kumfukuza yule jirani aliyejileta na bakuli kubwa kuliko tumbo lake. Kazi hizo alizigawa, kwa manung'uniko, lakini alizigawa. Chumvi ilikaa kwenye kopo ndani ya mfuko wa aproni yake, na aproni yenyewe aliivua akishafika kwake nyumbani tu.

Tukiwa mbele yake tulimwita Mama. Akiwa hayupo tulimwita Mpishi, kama watu wengine wote walivyomwita, kana kwamba sisi tuliobaki tulikuwa wapiga picha. Kazi yetu ilikuwa kulisha watu kwenye sherehe: harusi, matanga, kufungua kanisa jipya, na hasa ruracio, ile siku upande wa mvulana unapokuja nyumbani kwa kina msichana kuzungumza mahari. Kutoka Mitunguu kule chini kwenye ndizi hadi huku juu kwenye majani chai, mwenye sherehe aliulizwa kwanza, "Anapika nani?" Akijibu ni Mpishi, hata waliokuwa wamemkasirikia walikuja.

Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na miguu ya haraka. Alipoimba nyimbo za kanisani sisi tulitafuta pa kujificha, kwa maana aliimba akiwa na hasira tu. Akifurahi alinyamaza. Mtu mgeni alifika jikoni akasikia sauti tamu inamsifu Mwokozi, akasema, "Huyu mama ana amani kweli." Amani gani? Hapo ameona mtu ameweka karoti nene kama vidole vya miguu.

Kuonja kwake kulikuwa ibada nyingine. Alichota mchuzi kwa mwiko, akaumwaga kidogo kwenye kiganja, akapuliza, akalamba, kisha akatazama mbali upande wa mlima kama anayengoja jibu kutoka huko. Sote tulisimama. Halafu mkono ukaingia kwenye kopo, ukazunguka juu ya sufuria, ukakung'utwa, na mambo yakaisha. Sufuria ya kulisha kijiji kizima, na mkono haukurudi mara ya pili. Sijui aliwezaje. Nimekaa kwenye kazi hii mpaka nywele zimenibadilika rangi, na mimi hurudisha mkono.

"Ukikosea kuni, nitazipunguza," alisema. "Ukikosea maji, nitayachemsha yaishe. Lakini chumvi ikishaingia, utaiambia nini ndio itoke?"

Mama Kendi, mwenzangu wa tangu mwanzo, mtu wa nyama, ndiye pekee aliyethubutu kumjibu. Siku moja tukimenya viazi alimuuliza, "Mama, na ukiugua?"

"Sitaugua siku ya kazi."

"Na ukifa?"

"Mtanizika na chakula kisicho na chumvi, mkijua ni nani mmepoteza."

Tulicheka mpaka viazi vikatuanguka. Wacha niseme ukweli, tulimpenda na tulimchoka kwa wakati mmoja. Alikuwa anatuchosha kwa sababu kazi yote ilisimama ikimngoja. Sufuria tano zimeiva, wageni wameshaketi, mchungaji ameshaangalia saa mara tatu, na sisi tumesimama na miiko kama askari, kwa sababu Mpishi ameenda kubishana na dereva aliyeleta sahani. Hakuna aliyeweza kupakua kabla hajaonja. Ukimwambia, "Mama, wacha nikusaidie kuonja hii moja," alikuangalia kama umemwomba mswaki wake.

Na usidhani alikuwa mchoyo. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa. Vitu vyake aliviacha viende. Alivua sweta yake mwenyewe mwilini asubuhi moja ya baridi, akanivika kwa nguvu, akafanya kazi akitetemeka huku akinitukana kwa kutembea bila sweta. Shamba lake la ndizi alimkatia shemeji aliyekosa pa kukaa. Alilea watoto wa ndugu yake wawili pamoja na wake. Angekupa chochote ulichomwomba na vingine usivyomwomba, bora tu usiguse lile kopo.

Pua yake nayo ilikuwa na sifa zake. Tukienda sokoni Gakoromone kununua vitu vya sherehe, wauzaji walimjua. Hakuchagua kwa macho. Aliinua fungu la dhania, akalinusa, akalirudisha. Alivunja karoti katikati akanusa kidonda. Mama mmoja muuza vitunguu alimwambia, "Wewe utaninunulia ama utanimaliza kwa pua?" Naye akamjibu, "Kitunguu chako kimelala kwenye maji, nasikia mpaka hapa nimesimama." Yule mama alicheka kwa aibu, akaingiza mkono chini ya gunia, akamtolea vile vizuri alivyokuwa ameficha. Wakimaliza kutukanana, Mpishi alimwachia nusu ya chakula chake cha mchana.

Kuna wakati alijaribu kujifunza kugawa kazi. Lazima nilisimulie hili kwa sababu watu husema hakujaribu, na huo ni uongo. Kikundi cha akina mama kanisani kilileta mwalimu kutoka mjini, kijana nadhifu mwenye kalamu nyingi, awafundishe wanawake wenye biashara jinsi ya kuongoza wafanyakazi. Akawaambia kidole kimoja hakivunji chawa. Mpishi akainua mkono akasema, "Na vidole kumi vikimkimbilia chawa mmoja, vitakamatana vyenyewe." Darasa lilicheka, lakini yeye alikuwa amesikia. Alirudi amenyamaza, na kwake hiyo ilikuwa dalili njema.

Kazi iliyofuata ilikuwa harusi Mitunguu. Alitupanga mstari, akatugawia kazi kama anayegawa urithi. Halafu akatupitia mmoja mmoja kimyakimya. Mimi aliniita kando ya ukuta, akanishika mkono. "Wewe ndiye nakuachia maji ya wali. Hao wengine siwaamini." Nilifurahi, jamani. Nilitembea kama mtu aliyepewa cheo. Nikaenda, nikatia maji.

Kumbe Mama Kendi alikuwa ameshaitwa nyuma ya tangi akaambiwa maneno yaleyale. Na mama wa tatu, aliyekuwa wa kuosha vyombo, naye alikuwa ameambiwa vivyo hivyo kwenye mlango wa banda. Kila mmoja alikuja na maji yake, akatia, akaondoka na siri yake. Tulipofunua, wali ulikuwa uji. Mpishi aliuangalia, akaanza kuimba. Aliimba ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Kisha akatia maziwa na siagi, akautuma kwenye meza ya wazee wasio na meno, na wazee wakatuma mtu kuja kushukuru. Mimi nilikuwa na hasira zangu. "Mama, ungemwambia mtu mmoja tu!" Akanijibu, "Na huyo mmoja akisahau?"

Hapo ndipo masomo ya yule kijana yalipoishia. Kwake, kumpa mtu kazi kulikuwa kama kumpa mtoto mchanga ambebe: unampa, lakini mikono yako inabaki chini, tayari kudaka.

Kisha akaugua. Ilikuwa homa ya msimu wa baridi, ile ambayo kila mtu huku juu huipata na kuisahau. Alilala siku kadhaa, akapona, akarudi kazini na kelele zake zote. Sisi hatukugundua kitu. Kilichotugutusha ni wali. Tulikuwa kwenye matanga, na wali ulikuwa umeshika chini, unaungua, harufu imefika mpaka kwenye viti vya wageni, na Mpishi amesimama juu ya sufuria hiyohiyo akiniuliza habari za mjukuu wangu shuleni. Nilimwangalia. Nilidhani ananijaribu. "Mama," nikamwambia, "wali." Akafunua haraka, akaona moshi, akasema, "Kuni hizi ni mbaya." Lakini niliona macho yake, nikajua harufu hakuisikia.

Baada ya hapo tulianza kuona yote. Gakoromone aliendelea kuinua dhania na kuisogeza puani, lakini sasa alinunua fungu la kwanza. Mchuzi aliulamba kiganjani, akaangalia mlima, na akauangalia kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani. Siku nyingine chakula kilitoka kizuri, kwa maana mkono una kumbukumbu yake. Siku nyingine kilitoka kama maji ya kuoshea sahani. Na hakuna mtu aliyesema. Huku kwetu nani atamwambia mwanamke wa umri ule, tena mbele ya watu, kwamba mdomo wake umekufa?

Mimi nilijaribu. Nilimpelekea ndizi nyumbani kwake, tukakaa tukazimenya pamoja, nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikasema, "Mama, hii homa ya siku hizi inasumbua watu. Wengine inawatoa ladha." Akasema, "Wengine walizaliwa bila akili, na hatusemi." Nikamenya ndizi. Hiyo ndiyo ilikuwa jitihada yangu yote, na nilipotoka kwake nilijilaumu njia nzima.

Basi tukaamua kumfunika. Tuliona ni heshima. Akimaliza kuzungusha mkono wake, Mama Kendi alimvuta kando kwa maswali ya nyama, ambayo Mpishi hakuweza kuyakataa, na mimi nikafunua, nikaonja, nikarekebisha kwa chumvi niliyoificha kwenye leso. Watu wazima wenye wajukuu, tukinyemelea sufuria kama wezi wa sukari! Lakini chakula kilitoka vizuri, jina lake likabaki, na sisi tukajipongeza.

Halafu siku ya kufungua kanisa moja, mkono wake ulikuwa umepatia, nami kwa haraka nikaonja upande ambao haukuwa umekorogwa, nikaongeza. Lo! Wazee walikunywa maji mpaka tangi la kanisa likakauka. Mchungaji alikatiza mahubiri akaomba glasi. Jioni tukiosha vyombo, Mama Kendi na mimi tulikosana vibaya. Yeye alisema tunamharibia. Mimi nikasema yeye alimwachia haraka mno. Tukaishia kukubaliana kitu kimoja: basi, tumwachie mwenyewe chumvi yake, liwalo na liwe.

Hatukujua kwamba Mpishi naye alikuwa amewaona wale wazee wakinywa maji, na alikuwa amefanya uamuzi wake.

Ruracio iliyofuata ilikuwa ya watu wa heshima zao huku juu. Wakwe walikuwa watu wa Mbeere, wametoka upande wa Kiambere, nchi kavu ya mbuzi na asali, na walikuwa wamefunga safari tangu alfajiri. Walileta mbuzi wazuri, wakaleta asali, wakaimba langoni mpaka wakafunguliwa. Msichana alikuwa na furaha ya kuchekesha. Alikuja jikoni kila baada ya dakika chache kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Mpishi akamwambia, "Nenda ukapendeze huko." Akaonja kiganjani, akaangalia mlima, mkono ukazunguka juu ya nyama, juu ya wali, juu ya ndengu, ukakung'utwa kila mahali. Mama Kendi akaniangalia. Nikatingisha kichwa. Hatukugusa. Tukapakua.

Sasa, ukweni hauombi chumvi. Mkwe akila kwako mara ya kwanza anakula alichopewa. Kuomba chumvi ni kumtangazia mama mkwe kwamba nyumba yake haina kitu, kwa hiyo hata mezani hatuiweki. Wale wageni walikula. Walikula polepole, kimya, na walimaliza. Wenyeji nao walikula kimya, kwa sababu aliyepika ni Mpishi, na kila mtu alidhani ni kinywa chake kilichoharibika.

Kisha msemaji wa wakwe, mzee mrefu mwenye kofia mkononi, akasimama. "Tumekula, tumeshiba. Tunaomba tutoke nje kidogo tuongee."

Walienda wakasimama nyuma ya zizi la ng'ombe. Walikaa huko mpaka wenyeji wakaanza kunong'ona. Waliporudi hawakuketi.

"Sisi ni watu wa nchi kavu," yule mzee akasema, "hatujui maneno mengi. Lakini nyama haina chumvi. Wali hauna. Hata ndengu. Kitu kimoja kikikosa chumvi, hiyo ni bahati mbaya ya mpishi. Vyote vikikosa, huo ni ujumbe. Wakwe zetu, tunauliza kwa heshima: mnatuambia turudi na mbuzi wetu?"

Baba wa msichana aliruka kutoka kwenye kiti. Halafu wenyeji wakaanza kusema wote kwa pamoja, na kila walivyoapa kwamba hakukuwa na ujumbe wowote, ndivyo ilivyozidi kusikika kana kwamba upo. Mazungumzo yakavunjika, yakaahirishwa. Wakwe waliondoka mchana ule, na asali waliacha, lakini mbuzi waliondoka nao, wakasema wataletwa siku nyingine. Wale vijana walioana baadaye, wanaendelea vizuri, nashukuru Mungu. Lakini siku ile msichana alikuja jikoni na nguo zake nzuri, uso umelowa, akatuuliza, "Mmenifanyia nini?" Hakuuliza nani. Alisema mmenifanyia, na sisi sote tukaangalia chini. Mpishi hakuimba.

Tulipobaki sisi watatu na masufuria, nilishindwa kujizuia. "Mama, chumvi hukutia?"

Aliendelea kusugua. "Si nyinyi hutia?"

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Mtu akae na sufuria maisha yake yote asijue ikiguswa? Naacha mwiko ukiangalia mlima, nikirudi unaangalia barabara." Akainua kichwa. "Nilivyoona watu wanakunywa maji kanisani, nikajua mkono wangu umeisha. Nikasema, wacha niwaachie hawa. Leo nimezungusha mkono mtupu."

"Woi, Mama! Ungetuambia!"

"Ningewaambia nini? Nilidhani hivyo ndivyo watu hugawa kazi. Unaacha, wanachukua." Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo, "Kwa nini leo hamkutia?"

Mama Kendi ndiye alijibu. "Tulikuachia wewe."

Alirudia kusugua ile sufuria, ilikuwa safi tayari.

Baada ya hapo simu zikapungua. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Mtu aliyeahidi kutuita kwa harusi tulisikia amechukua watu wa mjini. Tukikutana naye alituamkua kwa furaha nyingi, akauliza habari za Mpishi, akasema "msalimieni sana." Huo upole wetu wa huku milimani, wakati mwingine ni mkatili kuliko matusi. Afadhali angekuja mtu mmoja langoni kwake akamtukana, angalau angekuwa na wa kumwimbia.

Tulimwomba tujaribu tena, yeye akiongoza na mimi nikionja. Alikubali. Matanga ya jirani, sufuria moja tu ya nyama. Akanipa mwiko yeye mwenyewe, mbele ya watu. "Onja."

Nikaonja. "Bado kidogo."

"Umeonja juu ama chini?"

"Katikati, Mama."

"Onja chini."

Nikaonja chini.

"Ulikula nini asubuhi?"

"Chai."

"Ya sukari? Basi ulimi wako una sukari. Suuza mdomo uonje tena."

Nilisuuza, nikaonja, nikasuuza, nikaonja, mpaka nikawa sisikii tofauti ya mchuzi na mwiko. Hakuwa ananitesa. Nilimwona jasho linamtoka, mikono imeshikana nyuma, vidole vinapigana vyenyewe. Alitaka kuniachia kwa moyo wake wote na hakuweza, na mimi nilitaka kumsaidia na sikuweza. Mwishowe alisema kichwa kinamuuma, akaenda nyumbani kabla chakula hakijapakuliwa. Wiki hiyo alituma masufuria yote kwangu kwa mkokoteni.

Mimi nikaendelea na kazi, kwa sababu watu lazima wale na mimi lazima niishi. Lakini nilijiapiza jambo moja. Kwangu kila sufuria ina mwenyewe. Mama Kendi ana nyama, ni yake tangu kisu mpaka chumvi, mimi siingizi kidole. Mwingine ana wali. Mwingine ana mboga. Ukipewa umepewa, mbele ya wote, kwa sauti. Mwanzoni niliogopa mpaka nikawa nalala vibaya. Nilizunguka kati ya sufuria ambazo sijaonja kama mtu aliyepanda gari bila kumwona dereva. Mambo mengine yaliharibika, watu wakajifunza. Sasa yanaenda.

Mwaka jana familia yake ilinipigia simu. Mjukuu wake wa kike, aliyemlea mwenyewe, alikuwa anatolewa mahari, na walitaka sisi tupike, nyumbani kwake. Nilimwambia Mama Kendi, naye akasema, "Uui. Chakula cha wakwe, kwake?" Hatukuhitaji kuongeza lolote. Siku ile, ikienda vibaya, ingekuwa mara ya pili, na hii katika nyumba yake.

Tulifika mapema, tukawasha. Wageni walipoingia langoni na nyimbo zao, Mpishi akatokea jikoni. Amevaa kitenge kipya, kilemba, na mkoba mdogo wa kwenda kanisani ameushika mbele kwa mikono miwili. Amepungua mwili. Tulimwamkua, akatuitikia mmoja mmoja kwa heshima kama mgeni. Kisha akaenda mpaka kwenye sufuria ya nyama, akainama, akaweka uso kwenye mvuke, akangoja.

"Sisikii kitu," akasema. Miaka yote hiyo hakuwahi kulisema wazi.

"Hata kidogo, Mama?"

"Ni kama kubisha kwa watu waliohama."

Nikachukua mwiko, nikachota mchuzi, nikampelekea. Akautazama, hakuushika.

"Ya nini? Wewe umeonja?"

"Mimi sijaonja, Mama. Hii ni ya Mama Kendi. Yeye ameonja."

Aliniangalia sana. Wote jikoni waliacha walichokuwa wakifanya. Mimi nilikuwa nangoja wimbo, nakuambia ukweli, nilikuwa nimeukaza mgongo kuungoja. Akamgeukia Mama Kendi. "Imekolea?"

"Imekolea, Mama."

"Basi pakueni."

Mama Kendi alijifuta macho kwa aproni, akasingizia moshi. Tukaanza kupanga sinia. Lakini Mpishi hakuondoka. Alibaki palepale na mkoba wake.

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Nenda ukakae na wageni, Mama. Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Hapa. Nipe kitu hapa."

Niliangalia huku na huku. Naapa nilitafuta. Vitunguu vilikuwa vimekatwa vyote, kachumbari imechanganywa, ndizi zimepangwa. Sahani zilikuwa zinapanguzwa na wawili. Kulikuwa na mtu wa moto, mtu wa maji, mtu wa kuhesabu vijiko. Kila kisu kilikuwa na mkono wake. Ningeweza kumnyang'anya mtu kazi nimpe yeye, lakini hilo ndilo nililoapa sitafanya tena, na yeye angelijua mara moja.

"Hakuna, Mama," nikamwambia.

"Hata kitunguu?"

"Vimeisha."

Akatingisha kichwa polepole. "Mmejipanga vizuri." Ningetoa chochote anitukane. "Huko kwa wageni," akauliza, "watu huongea nini? Mimi sijui kukaa."

Hata mimi sijawahi kukaa huko. Nje walimaliza kuombea chakula, Mama Kendi akafunua nyama, na wabebaji wakaanza kupita mbio na sinia. Mpishi akasogea kushoto, akawa amemzuia mmoja. Akasogea kulia, akamzuia mwingine. Mama mmoja tuliyemwajiri juzi tu, asiyemjua ni nani, alisimama mbele yake na sinia ya wali inayofuka moshi, akamwambia kwa upole mwingi, "Shosho, tafadhali, hapa ni jikoni."

Mikono yangu ilikuwa imejaa. Nilifungua mdomo.

"Pole, mwanangu," Mpishi akasema, na akampisha.